Kuutazama Mwanga wa Kaskazini na Anga la Usiku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Norwei, Uswidi, Ufini, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, pamoja na ndugu zao walioko Afrika Mashariki ambao hutumiwa picha za mwanga huo na kutaka kujua iwapo nao wanaweza kuuona. Wengi wanaoukosa mwanga wa kaskazini hawaukosi kwa sababu jua limetulia. Wanaukosa kwa sababu ya mawingu, taa za mji, na kurudi ndani mapema. Majibu mengi yaliyomo hapa yanahusu mambo hayo matatu.

Mwanga wa kaskazini ni kitu gani hasa?

Jua halitoi nuru na joto peke yake. Humwaga pia mkondo usiokatika wa elektroni na protoni, unaoitwa upepo wa jua, ambao kwa kawaida husafiri kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Dunia imezungukwa na uga wa sumaku unaokinga sehemu kubwa ya mkondo huo, lakini uga huo unapovutwa na kutikiswa, nguvu hujilimbikiza upande wa usiku wa dunia, na inapoachiliwa, elektroni hurushwa kwa kufuata mistari ya sumaku mpaka kwenye angahewa ya juu, karibu na ncha mbili za dunia. Huko hugonga atomi za oksijeni na molekuli za nitrojeni, ambazo hupokea nguvu hiyo na kuitoa tena kwa njia ya mwanga.

Mnorwei Kristian Birkeland alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, alipoweka tufe lenye sumaku ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akalielekezea elektroni, na kuona pete za mwanga zikijitokeza kuzunguka ncha zake. Wanorwei walimpa heshima anayostahili kwa kuiweka sura yake kwenye noti ya kroni 200. Mwanga wa namna hiyohiyo hutokea kusini pia, juu ya Antaktika, na wakati mwingine huonekana Tasmania na kusini mwa Nyuzilandi. Kwa jina moja, wa kaskazini na wa kusini, huitwa aurora.

Kwa nini aurora ina rangi ya kijani, nyekundu na zambarau?

Rangi hutegemea aina ya gesi iliyogongwa na kimo cha mahali ilipogongwa. Kijani, ambacho ndicho huonekana mara nyingi zaidi, hutoka kwa atomi za oksijeni zilizo kati ya kilomita 100 na 200 hivi juu ya ardhi. Nyekundu hutoka kwa oksijeni hiyohiyo, lakini juu zaidi ya hapo. Sababu yake inavutia: atomi ya oksijeni huhitaji muda usiofika sekunde 1 kutoa mwanga wa kijani, ilhali huhitaji karibu dakika 2 kutoa mwanga mwekundu. Huku chini, ambako hewa ni nzito kiasi, atomi hugongana na jirani zake na kupoteza nguvu yote kabla ya dakika hizo kutimia. Kule juu hewa ni adimu mno, hivyo atomi hupata nafasi ya kusubiri mpaka wakati wake ufike. Hii ndiyo sababu pazia la aurora huwa la kijani upande wa chini na jekundu kwenye kilele. Pindo la zambarau au la waridi linaloonekana chini kabisa wakati wa tufani kali, yaani mtikisiko mkubwa wa uga wa sumaku wa dunia, hutoka kwa nitrojeni, pale elektroni zinapokuwa na nguvu ya kupenya hadi karibu na kilomita 100 au chini yake.

Kwa mtu aliye mbali na ncha, hapa kuna jambo la kukumbuka. Kwa kuwa nyekundu iko juu sana, ndiyo rangi inayochungulia juu ya upeo wa macho hata pale kijani kilipofichwa na mviringo wa dunia. Wakazi wa nchi za kusini mwa Ulaya wanapoiona aurora, kwa kawaida huona wekundu mtupu.

Mbona picha za simu zina rangi kali kuliko ninachokiona kwa macho?

Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa kabla ya kuunda picha, na jicho haliwezi kufanya hivyo. Zaidi ya hapo, seli za jicho tunazozitumia gizani hazitofautishi rangi, na zinaudaka mwanga mwekundu kwa shida, kwa hiyo aurora hafifu huonekana kama utando wa kijivu. Inapopata nguvu, kijani hujitokeza waziwazi, na katika usiku mzuri wa Tromsø huko Norwei au Fairbanks huko Alaska hakuna haja ya kamera kumthibitishia mtu anachokiona. Ni vyema mgeni alijue hili kabla ya kulipa nauli, kwa sababu matangazo ya safari huonyesha picha za kamera tu, na si haki mtu adhani amedanganywa na anga.

Ni mahali gani pazuri pa kwenda?

Aurora hutanda kwenye mviringo unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia, si ncha ya jiografia. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa sumaku ya kaskazini imeegemea upande wa Amerika. Mji wa Minneapolis huko Marekani na mji wa Milan huko Italia yote iko karibu na nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Hata hivyo, mkazi wa Minneapolis ana nafasi ya kuiona aurora katika tufani za kiasi, ilhali mkazi wa Milan husubiri tufani kubwa mno ambazo hutokea kwa nadra.

Walio chini ya mviringo wenyewe, kama wakazi wa Tromsø huko Norwei, Kiruna na Abisko huko Uswidi, kaskazini ya Ufini, Aisilandi, Fairbanks huko Alaska na Yellowknife huko Kanada, hawahitaji tufani. Usiku wa kawaida wenye anga safi unawatosha. Kwao swali ni la mawingu. Tromsø ina baridi ya wastani kwa sababu ya bahari, lakini bahari hiyohiyo huleta mawingu, na wenyeji huendesha gari kuelekea bara, hadi Skibotn au hata kuvuka mpaka wa nchi hadi Kilpisjärvi upande wa Ufini, ambako milima imekwisha kuzuia unyevu. Abisko hupendwa kwa sababu kama hiyo: milima iliyo magharibi yake hukamua mawingu kabla hayajaufikia mji. Ningeshauri mtu mwenye siku chache achague mahali pakavu bara kuliko pwani yenye mandhari nzuri, hata kama baridi ya huko ni kali zaidi.

Anayeishi kusini ya mviringo, kwa mfano Oslo, Minneapolis au Toronto, atoke nje ya mji kwa upande wa kaskazini. Akifanya hivyo, taa za mji zitabaki nyuma yake, na upeo wa kaskazini, ambako aurora huanzia, utakuwa na giza.

Ni msimu gani na saa ngapi?

Aurora haina msimu, bali giza ndilo lenye msimu. Tromsø jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai, kwa hiyo hakuna kitakachoonekana hata tufani iwe kubwa namna gani. Kipindi cha kutazama huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea hadi mwanzoni mwa Aprili. Miezi ya Septemba na Machi ina faida ya ziada, kwa kuwa karibu na sikusare, siku ambazo mchana na usiku hulingana, mkao wa dunia huruhusu uga wa sumaku wa upepo wa jua kuungana na wetu kwa urahisi zaidi, na tufani huongezeka.

Saa bora ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, yaani 22:00 hadi 02:00 kwenye saa ya simu. Mwezi mpevu hufifisha aurora nyepesi, lakini hauizimi iliyo na nguvu.

Programu ya simu inaonyesha Kp, Bz na namba nyingine nyingi. Niangalie ipi?

Angalia kwanza utabiri wa mawingu. Hakuna namba ya anga za juu itakayokufaa ukiwa chini ya blanketi la mawingu, na bado watu wengi huanza na Kp na kumalizia hapohapo.

Kp ni kipimo chenye daraja kutoka 0 hadi 9, na huonyesha jinsi uga wa sumaku wa dunia ulivyotikisika katika kipindi cha saa 3. Kwa hiyo hata Kp iliyopimwa sasa hivi ni muhtasari wa kipindi kizima, na ile ya kesho ni makadirio. Inafaa kupangia wiki, haifai kuamulia dakika. Mkazi wa Tromsø hutosheka na Kp 1 au 2. Oslo na Minneapolis kwa kawaida huhitaji 5 hivi au zaidi. Kituo cha utabiri cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, kilichoko Boulder, Colorado, hugeuza kipimo hiki kuwa daraja za tufani kuanzia G1, inayolingana na Kp 5, hadi G5, inayolingana na Kp 9.

Namba ninayoiamini zaidi nikiwa nimesimama nje ni Bz. Hii huonyesha iwapo uga wa sumaku uliobebwa na upepo wa jua umeelekea kaskazini au kusini. Ukielekea kusini, yaani Bz ikiwa hasi, unakuwa kinyume na uga wa dunia upande wa mchana, pande hizo mbili hushikana, na mlango hufunguka. Bz ikiwa chanya, hata upepo ukiwa na kasi kubwa, mlango hubaki umefungwa kwa kiasi kikubwa. Bz ikishuka chini ya hasi 5 na kukaa hapo kwa nusu saa au zaidi, valia koti. Vipimo hivyo hutoka kwa setelaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, kama ACE iliyorushwa mwaka 1997, na kwa sababu hiyo onyo linakuja mapema kidogo tu: karibu saa nzima upepo ukiwa wa kilomita 400 kwa sekunde, na nusu saa ukiwa wa kilomita 800.

Kuna pia njia ya kupanga kwa subira. Jua, likitazamwa kutoka duniani, hujizungusha mara moja kwa siku 27 hivi. Eneo la jua linalotoa upepo wa kasi likituletea aurora leo, lina nafasi nzuri ya kutuletea tena baada ya siku hizo 27, kwa hiyo ni busara kuiandika tarehe ya usiku uliofanikiwa.

Nitajuaje kwamba ninachokiona ni aurora na si wingu?

Mara nyingi huanza kama upinde hafifu, wa rangi ya kijivu au kijani kilichopauka, uliotanda kutoka mashariki hadi magharibi, chini upande wa kaskazini. Nyota huonekana kupitia ndani yake, jambo ambalo wingu lenye unene huo lisingeliruhusu. Piga picha moja kwa simu. Ikitoka ya kijani, umepata jibu.

Upinde huo waweza kukaa kimya kwa saa nzima. Usiondoke. Kinachofuata, kama kitafuata, huja ghafla: ukingo wake wa chini hung'aa, mikunjo hujitokeza na kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, miale husimama wima, na kwa dakika chache anga lote hutembea. Ikifika utosini, miale huonekana kama imetoka katika nukta moja juu ya kichwa na kushuka pande zote. Kisha nguvu huisha, yakabaki mabaka mapana yanayowaka na kufifia kwa zamu, kila baada ya sekunde chache. Wageni wengi huyaona mabaka haya na kudhani shughuli imekwisha, lakini nguvu huweza kujilimbikiza upya na mzunguko wote ukarudiwa usiku huohuo.

Je, ni kweli kwamba miaka mizuri imekwisha kupita?

Si kweli. Utendaji wa jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019, na mnamo Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefikia kipindi chake cha kilele. Hata hivyo, tufani kubwa hazifuati kilele kwa utii. Mzunguko wa 23 ulikuwa na kilele mwaka 2001, na tufani zake zinazokumbukwa zaidi zilikuja mwishoni mwa Oktoba 2003. Baada ya hapo dunia haikushuhudia daraja ya G5 hadi tarehe 10 Mei 2024.

Je, aurora inaweza kuonekana Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo?

Hapana, na anayeuliza anastahili kujua sababu. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, kwa hiyo Afrika Mashariki iko karibu na mahali palipo mbali kuliko pote na mviringo wa aurora, wa kaskazini na wa kusini vilevile. Katika tufani ya Mei 2024, iliyoonekana sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, wekundu wa aurora ya kusini ulipigwa picha hadi Afrika Kusini. Hata tufani ya Septemba 1859, inayohusishwa na mlipuko wa jua ambao Mwingereza Richard Carrington aliuona kwa darubini tarehe 1 mwezi huo, na ambayo mwanga wake ulionekana Kuba na Hawaii, haigeuzi hesabu hii kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu.

Basi ukiona wekundu usiku kwenye upeo wa Afrika Mashariki, fikiria kwanza moto wa nyika au taa za mji zilizomulika mawingu. Ukiona mstari wa nukta nyeupe zinazofuatana kwa mpangilio muda mfupi baada ya magharibi, hizo ni setelaiti za mawasiliano zilizorushwa karibuni na ambazo bado hazijatawanyika.

Sisi tulio karibu na ikweta tutazame nini?

Mengi, na baadhi yake watu wa kaskazini hawayapati. La kwanza ninaloliweka mbele ni ile nuru ambayo wanafunzi wa madrasa huifahamu kama alfajiri ya uongo: mnara wa mwanga mweupe, mpana chini na mwembamba juu, unaosimama wima mashariki kabla ya alfajiri ya kweli kutanda kwa mapana. Si mwanga wa angahewa hata kidogo. Ni jua linaloangaza vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na kwa kuwa katika nchi za ikweta njia ya sayari hupanda angani karibu wima, nuru hii huonekana kwetu vizuri mwaka mzima, mradi hakuna mwezi wala taa. Watu wa Ulaya Kaskazini huitafuta kwa shida katika miezi michache tu.

Kuna pia vimondo. Mvua ya vimondo ya Geminidi hufikia kilele karibu na tarehe 14 Desemba, na chini ya anga jeusi mtu anaweza kuhesabu vimondo kadhaa kila baada ya dakika chache, hasa kuelekea saa 8 usiku. Vimondo hivi hutokana na mabaki ya kiolwa kiitwacho Phaethon. Mvua ya Eta Akwaridi, ya karibu na tarehe 6 Mei, hutokana na vumbi la nyotamkia ya Halley, na huwapendelea walio kwenye ikweta na kusini yake. Itazamwe saa 10 au 11 alfajiri. Tatizo lake ni kwamba huangukia masika, kama ambavyo Geminidi huweza kukutwa na mawingu ya vuli. Baba zetu waliliona hilo la majira kwenye kundi jingine la nyota liitwalo kilimia, waliposema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Aurora ina madhara kwa binadamu?

Kwa mtu aliyesimama ardhini, haina. Madhara huenda kwa mitambo. Tarehe 13 Machi 1989 tufani ya sumaku iliangusha gridi ya umeme ya Quebec nchini Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakosa umeme kwa muda wa saa 9 hivi. Mei 2024 wakulima wa Amerika Kaskazini waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walilazimika kusimamisha kazi, kwa kuwa trekta zao huongozwa na setelaiti na vipimo vyake vilipotea njia.

Hatari ya kweli kwa mtazamaji iko barabarani. Usisimamishe gari kwenye njia kuu ukiangalia juu. Tafuta eneo la maegesho, zima taa, na umwachie mtu mmoja kazi ya kuangalia magari.

Ni kweli aurora hutoa sauti?

Sauti hafifu, kama za makapi yanayopondwa, zimesimuliwa na wakazi wa kaskazini kwa muda mrefu. Unto Laine wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini alirekodi sauti hizo na kukadiria kwamba hutokea mita 70 hivi juu ya ardhi, si kule juu mwanga uliko. Ni za nadra, na huhitaji usiku mtulivu usio na upepo.

Nijiandae vipi kwa kamera na baridi?

Weka simu kwenye stendi, washa hali ya usiku, na usiiguse inapopiga. Kwa kamera ya kawaida, fungua lenzi kadiri inavyoruhusu, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, karibu na 1600, na muda wa sekunde 5 hadi 15. Aurora ikianza kukimbia, punguza muda, la sivyo mikunjo yote itayeyuka ikawa rangi tupu. Lenga nyota angavu kwa mkono, maana mfumo wa kujilenga hushindwa gizani. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwangaza mmoja wa skrini huyarudisha nyuma, kwa hiyo tumia tochi nyekundu.

Betri hufa upesi kwenye baridi. Ya akiba ikae kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Valia sufu ndani, koti lisilopitisha upepo nje, na viatu vyenye nafasi ya kuchezesha vidole. Unaporudi, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kisha uiache humo mpaka ipate joto la nyumba. Unyevu utatanda juu ya plastiki badala ya kuingia kwenye lenzi.

Ni matukio gani makubwa yanayokuja, na yanahitaji kinga ya macho?

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu katika njia itakayopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Saudia, Yemen na Somalia, na mjini Luxor huko Misri giza litadumu zaidi ya dakika 6. Afrika Mashariki italiona likifunikwa sehemu tu. Waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, wanakumbuka kwamba hata pete nyembamba ya jua haitazamwi bila miwani maalumu. Miwani hiyo iwe na alama ya kiwango cha ISO 12312-2. Miwani ya jua ya kawaida, kioo kilichopakwa masizi na filamu za eksirei havifai.

Mwezi ukipatwa hauhitaji kinga yoyote. Tarehe 7 Septemba 2025 Afrika Mashariki iliuona mwezi ukiwa mwekundu kuanzia saa 2 na nusu usiku, kwa dakika 82. Utapatwa tena kikamilifu tarehe 31 Desemba 2028, mapema usiku baada ya magharibi, na utaonekana Afrika Mashariki palipo na anga safi.